Mteremko au mlima: namna ya kusoma ratiba ya futiboli ya vyuo Marekani

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, mpira ukiwa haujarushwa hata mara moja, mashabiki wa futiboli ya vyuo vya Marekani huwa wameshaumaliza msimu kwa kalamu. Mmoja anaishika ratiba ya timu yake, anatia alama ya ushindi kwenye mechi 11, anasita kwenye moja, kisha anatangaza: "Mwaka huu mteremko." Mwenzake anamjibu kwamba ratiba imejaa vibonde, haihesabiki. Wanasoma karatasi moja, na mara nyingi wote wawili wanaisoma vibaya.

Kwa aliyekulia kwenye soka letu mambo yanachanganya zaidi. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, na kila timu inacheza mechi 30, nyumbani na ugenini, na kila mwenzake. Ratiba inaweza kubana, viporo vinaweza kurundikana, lakini mwisho wa msimu hakuna wa kusema Yanga walipewa njia ya mkato. Wote wamekutana na wote, na jedwali limesema.

Futiboli ya vyuo haina jedwali la namna hiyo. Daraja lake la juu, linaloitwa FBS, lilikuwa na vyuo 136 msimu wa 2025, na kila chuo hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za kanda na mtoano. Vyuo 136, mechi 12. Wengi hawatakutana kamwe. Ndiyo maana swali la "umecheza na nani" huko lina uzito uleule wa "umeshinda mechi ngapi", na ndiyo maana watu wanagombana juu ya ratiba mwezi Julai.

Maneno kwanza

Futiboli hii ni ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, na wachezaji waliovaa helmeti. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani ni tachidauni, pointi 6, na teke dogo linalofuata huongeza 1. Teke la kuupitisha mpira kati ya nguzo bila tachidauni ni pointi 3. Kwa hiyo timu iliyofungwa kwa tofauti ya pointi 7 au pungufu ilikosa tachidauni moja tu kusawazisha au kushinda. Kipimo hicho tutakihitaji.

Konferensi ni muungano wa vyuo unaoendesha ligi yake. Zenye nguvu ni nne: SEC yenye vyuo 16, Big Ten yenye 18 (jina lilibaki kumi, hesabu ikaendelea kukua), Big 12 yenye 16, na ACC yenye 17. Notre Dame hawamo katika konferensi yoyote kwa futiboli. Wanajipangia wapinzani wenyewe. Chini ya FBS kuna daraja la FCS, vyuo vyenye bajeti ndogo zaidi, ambavyo hata hivyo hualikwa na wakubwa mara moja kwa msimu.

Ratiba ya chuo basi ina mafungu mawili. Mechi za konferensi hupangwa na konferensi yenyewe: 9 katika Big Ten na Big 12, na katika SEC zilikuwa 8 hadi 2025 kabla ya kupandishwa kuwa 9 kuanzia 2026. Zinazobaki, 3 au 4, chuo hujitafutia.

Walio ndani ya konferensi moja nao hawakutani wote

Hapa ndipo shabiki mgeni huteleza. Big Ten ina vyuo 18, kila kimoja kina wenzake 17, lakini kinacheza na 9 tu. Wanane hakiwaoni kabisa mwaka huo. Chukua mfano wa Simba kutwaa ubingwa bila kukutana na Yanga wala Azam, kwa sababu tu kompyuta ya bodi ya ligi iliwapanga na wengine.

Mwaka 2024 Indiana walishinda mechi 11 kati ya 12. Hawakukutana na Oregon, waliomaliza mechi zao 12 bila kufungwa, wala na Penn State. Kigogo pekee waliyemkuta ni Ohio State, wakachapwa 38-15. Walipoingia kwenye mtoano wa taifa kelele zikaanza: ratiba laini! Lakini Indiana hawakuipanga ratiba ile. Waliwapiga waliowekewa mbele, tena wengi kwa tofauti kubwa, na hilo nalo lina maana. Timu dhaifu yenye ratiba laini huponea chupuchupu. Timu nzuri yenye ratiba laini huwaburuza. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ushindi dhidi ya vibonde una thamani, angalia tofauti ya pointi kabla ya kuangalia majina.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita: mechi 9 ni namba witiri. Katika konferensi ya mechi 9, nusu ya timu hupata 5 nyumbani na 4 ugenini, na nusu nyingine kinyume chake. Kabla hujataja mpinzani hata mmoja, hesabu hizo. Timu yenye 5 nyumbani imeanza na faida ndogo ambayo haionekani kwenye orodha ya majina.

Tuisome ratiba moja kwa kalamu

Tuchukue Ohio State ya 2024, kwa kuwa matokeo tunayo na tunaweza kuupima usomaji wa Julai kwa yaliyotokea Novemba. Walianza na Akron, Western Michigan na Marshall, wote nyumbani. Kisha Michigan State ugenini, Iowa nyumbani, Oregon ugenini. Baada ya hapo Nebraska nyumbani, Penn State ugenini, Purdue nyumbani, Northwestern ugenini, Indiana nyumbani, na kufunga msimu na mahasimu wao Michigan nyumbani. Wiki za mapumziko zilikuwa mbili: baada ya Western Michigan na baada ya Oregon.

Shabiki wa kawaida anaweka alama ya ushindi kwenye kila mechi anayoona timu yake ni bora. Ohio State walikuwa bora kuliko karibu wote, kwa hiyo jibu linakuja 12-0 au 11-1 (ushindi kwanza, kisha vipigo). Kosa liko hapo. Kuwa bora kuliko mpinzani hakumaanishi utamshinda kila mara. Kunamaanisha utamshinda mara nyingi. Badala ya alama, weka namba: mechi hii ikichezwa mara 100, tungeshinda ngapi?

Makadirio ya shabiki mwenye kichwa kilichotulia yangekuwa hivi: Akron na Western Michigan 99 kila mmoja, Marshall 97, Purdue 95, Northwestern na Indiana 93, Michigan State na Nebraska 88, Iowa 87, Michigan 70, Penn State 60, Oregon 50. Jumlisha zote: 1,019. Gawa kwa 100, unapata ushindi 10 na chembe. Ohio State walimaliza na 10.

Sasa fanya hesabu ya pili, ile inayowaudhi mashabiki. Nafasi ya kushinda zote 12 haipatikani kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha: 0.99 mara 0.99 mara 0.97 na kuendelea hadi mwisho. Jibu ni kama 0.11. Yaani timu iliyoonekana bora au sawa katika kila mechi ilikuwa na nafasi 11 tu kwa 100 ya kumaliza bila kufungwa. Hata ukiwapa 90 kwa kila mechi, zote 12, unapata takriban 28 kwa 100. Kwa hiyo anayetabiri 12-0 kwa sababu haoni mechi ya kupoteza hajakosea kuhusu mechi yoyote peke yake. Amekosea kuhusu rundo.

Namba hizi ni za makadirio na wewe unaweza kuweka zako. Faida yake ni kwamba zinakulazimisha kukiri shaka mapema, kipande kwa kipande, badala ya kuificha yote kwenye mechi moja "ngumu".

Majina ya Julai, timu za Novemba

Angalia tena mechi mbili za mwisho za ratiba ile. Mwezi Julai Michigan walikuwa mabingwa wa taifa wa 2023, mechi 15 bila kufungwa. Indiana walikuwa wametoka kushinda 3 na kupoteza 9. Kila msomaji wa ratiba aliona mlima Michigan na tambarare Indiana.

Ilipofika Novemba Indiana walitua Columbus, nyumbani kwa Ohio State, wakiwa wameshinda mechi 10 kati ya 10, chini ya kocha mpya Curt Cignetti na kikosi kilichojaa wachezaji waliohamia. Michigan walikuja wakiwa 6-5. Kocha Jim Harbaugh alikuwa ameondoka kwenda Los Angeles Chargers ya NFL, ligi ya kulipwa, na J.J. McCarthy, kwotabeki wao, yaani mpiga pasi mkuu, alikuwa ameingia NFL. Mlima na tambarare vilikuwa vimebadilishana. Tena ikawa kinyume cha kinyume: Ohio State waliwafunga Indiana kwa urahisi, wakapoteza kwa Michigan 13-10 nyumbani kwao. Mechi za mahasimu zina tabia hiyo; ukiipa timu yako 95 kwenye dabi, punguza.

Hii ndiyo sababu kipimo kinachopendwa sana, cha kujumlisha ushindi wa wapinzani wako wa mwaka uliopita, kinadanganya. Siku hizi mchezaji wa chuo anaweza kuhama na kucheza papo hapo bila kusubiri, kwa hiyo dirisha la usajili linageuza vikosi kila Januari. Florida State walishinda mechi zao 13 za mwanzo mwaka 2023, wakauanza msimu wa 2024 wakiwa nafasi ya 10 kwenye orodha ya ubora ya waandishi wa shirika la habari la AP, kisha wakamaliza 2-10. Arizona State walitabiriwa kushika mkia kati ya timu 16 za Big 12 mwaka huohuo. Walichukua ubingwa wa konferensi. Aliyeiona Florida State kwenye ratiba yake akatetemeka, na aliyeiona Arizona State akapumua, wote walipoteza nguvu zao bure.

Cha kuuliza juu ya mpinzani ni hivi: kwotabeki wake amerudi? Wangapi wamerudi kwenye safu ya mbele ya ushambulizi, wale watano wazito wanaomlinda? Kocha ni yuleyule? Safu ya mbele ndiyo watu hawaitazami, kwa kuwa hawagusi mpira, lakini ikibomoka hakuna kingine kinachofanya kazi. Ohio State walimpoteza Josh Simmons wa safu hiyo kwa jeraha la goti katika mechi ya Oregon. Mechi iliyofuata, dhidi ya Nebraska, waliponea kwa 21-17. Nebraska haohao walikuwa wamefungwa na Indiana 56-7 wiki moja kabla. Mwenye hesabu ya "A kamfunga B, B kampa shida C, kwa hiyo A anamfunga C" alikuwa na hakika na Indiana mwezi mmoja baadaye. Waliambulia ile 38-15.

Wapi, lini, na baada ya nini

Uwanja wa nyumbani wachambuzi wengi huupa thamani ya pointi 2 hadi 3. Ni chini ya wanavyodhani mashabiki, lakini inatosha kugeuza mechi ya karibu. Sababu kubwa ni kelele, na kelele hufanya kazi ya kimakanika kabisa. Kila mara kabla mpira haujaanzishwa, kwotabeki hupaza sauti kutoa ishara kwa wenzake. Uwanja wa Michigan unachukua watu 107,601, karibu mara mbili ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wageni wakishambulia, umati unapiga kelele makusudi, wachezaji hawasikii ishara, mmoja anatikisika kabla ya wakati, na timu inarudishwa yadi 5. Tangu 2024 mchezaji mmoja huruhusiwa redio ndani ya helmeti ili amsikie kocha, lakini hiyo haimsaidii kuwafikishia ishara wenzake walio mita chache kutoka alipo.

Safari nayo imekuwa habari nyingine tangu 2024, USC, UCLA, Oregon na Washington walipoingia Big Ten kutoka pwani ya Pasifiki. Tofauti ya saa kati ya Los Angeles na pwani ya mashariki ni 3. Mechi ikianza saa 6 mchana huko mashariki, mwili wa mchezaji wa Los Angeles unasema ni saa 3 asubuhi. Msimu ule wa kwanza USC walikwenda Michigan wakapoteza 27-24, Minnesota wakapoteza 24-17, Maryland wakapoteza 29-28. Safari tatu, vipigo vitatu, vyote ndani ya pointi 7. Siwezi kuutupia usingizi lawama yote, ila safari ndefu ikiangukia kwenye mechi ya karibu, toa namba chache kwenye makadirio yako. Mwinuko pia uhesabu: uwanja wa Wyoming mjini Laramie uko mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye kimo cha Eldoret. Wanaotoka tambarare huhema robo ya nne.

Kisha mpangilio. Mechi tatu ngumu zilizotawanyika Septemba, Oktoba na Novemba si sawa na tatu mfululizo, hata kama majina ni yaleyale, kwa sababu majeraha madogo hayaponi kwa siku 7. Tazama kila mechi ngumu imetanguliwa na nini. Mpinzani akitoka mapumziko na wewe ukitoka vitani, mwenzio amepata wiki mbili za kukusoma. Mechi iliyobanwa kati ya mbili kubwa, kama ile ya Nebraska kati ya Oregon na Penn State, ndiyo wanayoiita mtego: akili iko kwenye mechi inayokuja, na huyu wa leo hana cha kupoteza.

Kuhusu mapumziko, kalenda yenyewe inaamua mengi. Misimu ya 2024 na 2025 ilikuwa na Jumamosi 14 kutoka wikiendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani hadi ile ya Thanksgiving, hivyo timu za mechi 12 zilipata mapumziko mawili. Mwaka 2026 Jumamosi hizo zinaanza Septemba 5 na kuishia Novemba 28. Zihesabu: 13. Timu isiyoanza wiki moja mapema itapumzika mara moja tu. Yapo yanayoangukia wiki ya 4, wakati hakuna aliyechoka, na yanayoangukia wiki ya 9, wakati nusu ya kikosi inachechemea. Hilo la pili ni zawadi.

Vibonde wanaolipwa

Mechi za mwanzo wa Septemba zina utaratibu wake. Chuo kikubwa hukilipa chuo kidogo kije kucheza ugenini bila kurudiana. Mkubwa anapata mapato ya mlangoni na ushindi unaotarajiwa. Mdogo anapata fedha za kuendeshea idara yake yote ya michezo. Hakuna hila hapo, ni mkataba wa wazi. Jambo la kujua ni kwamba katika ushindi 6 unaohitajika ili timu ialikwe kwenye mechi za bowl za mwisho wa msimu, ushindi dhidi ya FCS unaohesabiwa kwa kawaida ni mmoja tu, kwa hiyo kurundika vibonde wa daraja la chini hakusaidii.

Na kibonde hung'ata. Mwaka 2007 Michigan, waliokuwa nafasi ya 5, waliwalipa Appalachian State wa FCS dola 400,000 waje Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, na Michigan wakafungwa 34-32. Septemba 2024 Notre Dame walifungwa nyumbani 16-14 na Northern Illinois. Timu za namna hii mara nyingi zina wachezaji waliokaa pamoja miaka kadhaa wakazoeana, na zinakuja zikiwa zimeisubiri siku hiyo mwaka mzima.

Maneno ya "wamewakwepa wakubwa" pia yapunguzwe. Mechi kubwa za nje ya konferensi husainiwa miaka 5, 10, hata zaidi kabla. Aliyesaini mara nyingi si kocha aliyepo, na mpinzani aliyekuwa moto wakati wa sahihi anaweza kuwa amepoa. Mkataba wa Ohio State na Texas ulitoa mechi ya 2025 Columbus, Ohio State wakashinda 14-7, na marudiano ya 2026 Austin. Waliokubaliana hawakujua timu zingekuwa wapi miaka hiyo.

Ratiba ngumu inalipa?

Hadi 2023 mtoano wa taifa ulikuwa wa timu 4, na kupoteza mechi mbili kulikuwa karibu sawa na kufungashwa virago. Hata kutopoteza hakukutosha: Florida State ya 2023, 13-0 na bingwa wa ACC, iliachwa nje baada ya kwotabeki Jordan Travis kuumia. Tangu 2024 timu ni 12, zikichaguliwa na kamati ya watu 13 ambayo huangalia ratiba pamoja na matokeo. Hesabu ikabadilika. Notre Dame waliopigwa na Northern Illinois walifika fainali. Ohio State waliopoteza mbili waliingia wakiwa namba 8, wakawatoa Tennessee, Oregon na Texas, kisha wakawafunga Notre Dame 34-23 Januari 2025.

Lakini kamati haikugeuza ratiba ngumu kuwa kinga. Mwaka huohuo Alabama wa SEC, 9-3, waliachwa, na SMU wa ACC, 11-2, wakachukuliwa. Kwa hiyo unapopima ratiba ya timu yako, mstari wa kuuangalia ni kipigo cha tatu. Rudi kwenye zile namba: ukijumlisha ukapata 10 na zaidi, mechi moja mbaya inavumilika. Ukipata 9, kila mechi uliyoipa kati ya 40 na 60 ni ya kufa na kupona, na ndizo za kuzungushia duara nyekundu.

Kwa anayezifuata akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, saa za mechi nyingi hazimo kwenye ratiba ya Julai. Televisheni huzichagua mara nyingi siku 12 kabla, na wiki nyingine 6 tu. Mechi ya saa 6 mchana ya mashariki ya Marekani ni saa 1 usiku kwetu, ya saa 9 na nusu alasiri ni saa 4 na nusu usiku, na ya saa 1 na nusu jioni inaanza saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Kuanzia Novemba 7, 2026, Wamarekani wakiwa wamesharudisha saa zao nyuma, ongeza saa moja kwa zote.